Sindano ya sekukinumabu kwa soriasisi: mwaka mmoja na nusu nikiwa Wete

Mimi nashona kofia za viua hapa Wete, Pemba. Kitambaa cheupe hunikaa mapajani tangu asubuhi, na kwa miaka 11 kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupukuta magamba yaliyokidondokea kutoka viwikoni na kichwani. Wateja wawili walinirudishia kofia wakihofu kuambukizwa, na soriasisi, ugonjwa wangu huu wa ngozi, haiambukizi. Nilipaka mafuta ya nazi, ya habbasoda, krimu za steroidi. Krimu zilinipa nafuu wiki mbili tatu, kisha mabaka yakarudi.

Daktari wa ngozi wa Unguja, kabla ya kunianzisha sindano ya sekukinumabu, alinipima kifua kikuu kwanza. Kipimo hicho msikiruke, kwani dawa hii hubana upande mmoja wa kinga. Nikamuuliza, "Daktari, sindano ya tumboni itakijuaje kiwiko changu?"

Alinieleza hivi. Seli ya ngozi huzaliwa chini, hupanda juu kwa muda wa mwezi hivi, hufa na kudondoka bila ya mtu kuona. Zangu zilipanda kwa siku chache tu, bado mbichi, zikarundikana. Kosa halikuwa lao. Seli za kinga zilikuwa zinazipelekea ujumbe uitwao interlukini 17A, wa kuziharakisha. Nazo zikishaupokea huita seli nyingine za kinga zije, na baka hunenepa. (Kwa ngozi zetu nyeusi haliwi jekundu kama la kwenye picha za vitabuni, huelekea zambarau.) Sekukinumabu ni kingamwili iliyotengenezwa, yaani protini ya kunasa kitu kimoja maalumu. Seli ya ngozi haiigusi kabisa, humkamata mjumbe njiani kabla hajabisha hodi. Ndiyo maana nafuu ya krimu zangu haikudumu: zilituliza kwa muda pale nilipopaka, kisha amri ikaendelea kushuka.

Dozi yangu ni miligramu 300, yaani sindano 2 za 150, kila wiki kwa mara 5 za mwanzo, kisha kila mwezi. Muwasho ulikoma kwanza. Nililala usiku kucha, nikalia. Mwezi wa tatu viwiko vilikuwa laini, zimebaki alama nyeusi zinazofifia polepole.

Taabu zake zipo. Inataka ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8, na isigande, kwa hiyo kwenye boti naifunga kwa kanga isigusane na barafu. Nyumbani naitoa frijini nusu saa kabla ya kudunga, ikiwa baridi inachoma. Mara moja nilipata utando mweupe mdomoni, ukatibiwa ukaisha. Na bei ni kubwa mno. Kaka yangu wa Muscat ndiye anayelipa. Alipokosa kazi nilikaa miezi mitatu bila ya dawa, na baka likachipua kiwiko cha kushoto, pale pale lilipokuwa. Daktari akasema seli za kumbukumbu za kinga hubaki ndani ya ngozi. Basi anayekwambia hii inaponyesha moja kwa moja, usimsikilize.

Mwenye mabaka mawili matatu aanze na krimu. Aliyeenea mwili kama mimi, akamuulize daktari wake kuhusu hii, na aulize mapema nani atalipia mwezi wa sita na wa saba.

Kaka amepata kazi tena. Sindano za mwezi huu zimo katika friji ya jirani mwenye jenereta.