Filamu yangu ya mwaka sijaiona ikiisha

Mwaka ukielekea ukingoni hunijia watu hapa Kibokoni, Mombasa, na flashi zao mkononi: hebu nitilie nzuri nzuri. Najulikana. Nyumba ikishalala, mimi ndio kwanza nakaa kitako na rimoti, na asubuhi macho yangu huwa mekundu hata nikienda dukani naulizwa nani kafa. Basi safari hii nikasema niandike orodha kabisa, sinema na tivii pamoja, nisiwe narudia maneno yale yale mlangoni. Nikaanza na namba moja. Nikakwama papo hapo, maana namba moja yangu ni filamu ambayo sijaiona ikiisha, na kila nikitaka kuandika uzuri wake mkono unaandika matusi ya mtu mwingine.

Filamu yenyewe ni Nawi. Msichana wa Turkana, miaka 13, anataka sekondari kuliko kitu chochote, na babake anamwoza kwa mwanamume asiyemjua. Kondoo 60, ngamia 8, mbuzi 100. Hiyo ndiyo bei, na filamu haikufichi. Anayeigiza ni Michelle Lemuya Ikeny, na nakuapia ana uso ambao ukiutazama unasahau kama kuna kamera. Kenya iliichagua mwaka 2024 kwenda kuwania Oscar. Mimi hayo ya Oscar sikuyafuata. Nilifuata neno moja tu, kwamba inaonyeshwa Mombasa na haitakaa. Filamu za kwetu kwenye sinema ni kama samaki wa asubuhi, ukichelewa unakuta magamba.

Nikamchukua mamangu. Mara yake ya mwisho kuingia sinema ilikuwa zama za Naaz na Regal, sinema za kale za hapa Mombasa, akienda na shoga zake kuzililia filamu za Kihindi, wanarudi leso zimelowa. Alijiandaa kama anakwenda harusini. Buibui jipya, udi, na ndani ya mkoba viazi vya karai kumi vimefungwa kwenye gazeti, na mfuko wa mabuyu.

Ukumbi siutaji jina. Wanaojua watajua.

Mlangoni kijana wa tiketi akaufungua mkoba wa mtu mzima bila hata salamu, akavinusa viazi, akasema, "Mathe, chakula cha nje hapana." Mathe! Mtaniambia hiyo ndiyo heshima ya kisasa. Labda. Kwetu sisi mtu wa umri wa mamangu anaamkiwa kwanza, anaulizwa hali, halafu ndipo unamnyang'anya viazi vyake. Vikawekwa chini ya meza, karibu na ndoo ya kupigia deki. Mabuyu hakuyaona, yalikuwa mfuko wa ndani.

Ndani tulikuwa sisi wawili na mzee mmoja safu ya nyuma ambaye nadhani alifuata baridi alale. Kijana akatufuata huko huko: mashine haiwashwi mpaka watu wafike watano. Nikamwuliza hiyo sheria imeandikwa wapi. Akanitazama kama niliyemwuliza mahari ya dadake. Tukangoja. Saa tisa ikapita, saa tisa na nusu ikapita, mamangu anajifunika leso kwa baridi, yule mzee anakoroma. Mwishowe nikatoka nikanunua tiketi mbili zaidi, za watu wasiokuwepo, ili tutimie watano. Akazikata! Akazichana vipande viwili viwili kama kuna watu wanaingia, akanirudishia vishina vyake. Ninavyo mpaka leo, viko ndani ya kabati ya vyombo.

Na nitasema kweli yangu, ilipoanza nikasamehe yote. Ile ardhi ya Turkana ilivyojaa kioo chote kile, na sisi watu wa vichochoro tumezoea kuona mbingu kwa upana wa kamba ya nguo. Mamangu akawa anamung'unya mabuyu taratibu, anasema na watu wa kwenye filamu kama wanamsikia. "Usimpe maji huyo." "Mamake naye yuko wapi?" Ningekuwa nimekaa karibu na mtu mwingine anayefanya hivyo ningehama kiti. Bei ya mifugo ilipotajwa akanishika mkono kwa vile vidole vilivyotapakaa rangi nyekundu ya mabuyu, hakuniachilia tena.

Binti akatoroka. Ikafika pale habari zinapomfikia kuhusu mdogo wake, kitoto kichanga, na ukumbi wote, yaani sisi watatu, hata yule mzee ameamka. Mamangu akaniinamia sikioni. Akasema, "Mimi walinitoa darasa la sita."

Umri wangu wote nilikuwa nikiambiwa mamangu aliacha skuli kwa sababu ya macho.

Nikageuka nimwulize nani, walikutoa akina nani. Picha ikaganda. Uso wa yule mtoto umesimama nusu, mdomo wazi, na sauti nayo inaendelea peke yake kidogo, kisha nayo ikakata. Tukakaa gizani. Halafu taa zikawashwa zote kwa pamoja, zile taa nyeupe za hospitali, na mamangu akaachilia mkono wangu akajitengeneza buibui.

Kijana akaingia anachezesha funguo. Mashine imekwama, akasema, na ikiwashwa tena lazima ianze mwanzo, na ukumbi una filamu nyingine inakuja, watu washajipanga nje. Ya Marekani hiyo, wamejipanga kweli. Nikamwambia sisi tumebakisha kidogo tu, tufanyie hisani utusogezee mbele. Na hapa ndipo aliposema maneno ambayo nimeyabeba miezi yote hii. Akasema, "Lakini hii si ni filamu ya Kenya tu? Mwisho wake mnaujua. Ataenda shule."

Filamu ya Kenya tu. Hadithi ile ilitoka kwa Milcah Cherotich, Mkenya aliyeiandika ikashinda shindano. Waongozaji wakawa wanne, wawili wa hapa na wawili ndugu kutoka Ujerumani, wakaenda kupigwa na jua la Turkana na makamera yao. Kazi yote hiyo, ije imaliziwe na mtu anayechezesha funguo kwenye kidole! Na kama mwisho wa filamu ya Kenya unajulikana, ule wa filamu ya Marekani anaupata wapi mtu ukamshangaza? Jamaa mwenye misuli anashinda. Haya, nimekuharibia.

Pesa hakurudisha. Tulichopewa ni bisi, kikombe kikubwa, bure. Mamangu akakitazama kile kikombe, akamtazama kijana, akasema kwa ile sauti yake ya chini inayotisha kuliko kelele, "Mwanangu, mimi sikuja hapa kula mahindi." Tukadai viazi vyetu. Vilikuwa kumi. Vilirudi saba.

Njiani kwenye tuktuk nikajaribu. "Mama, ulikuwa waniambia nini?" Akasema jua limeshatua, tutachelewa magharibi.

Sasa niambie, filamu hiyo naiweka wapi? Nimeiteremsha mara mbili. Haki haki huwezi kumpa mtu namba moja kwa kazi hujaimaliza, ingekuwa mwisho wake ni mbovu je? Kwa hiyo wiki nzima namba moja ilikuwa Shōgun, ule mchezo wa tivii wa Japani ya kale. Vipindi kumi, sehemu kubwa Kijapani, nimesoma maandishi ya chini mpaka shingo ikauma na sikuchoka. Imezoa tuzo za Emmy 18 na zote ni halali yake. Ninachokipenda ni kwamba wale watu hawakujipendekeza kwa mtazamaji. Lugha yao ni hiyo, mila yao ni hiyo, wewe mgeni fuata. Kisha nikageuza tivii nikatazama michezo ya kwetu inayojiita ya Pwani, na mtu kavishwa kanzu, anakuvutia maneno kama mpira, "mwanangu weeee," halafu sentensi ya pili anasema "sindio" ya Nairobi na kanzu yake juu. Sultana ya Citizen angalau siitukani. Ina watu wanaozungumza kama watu, na yule msichana asiyeona nilimpenda kabla hadithi haijaanza kuvutwa kama chapati ya siku ya pili. Lakini mchezo ukishapita vipindi mia, hata mimi ningesahau nani ni mtoto wa nani.

Nikarudi kwa mamangu. Nilimtega, nakiri. Nilimwekea Vuta N'kuvute kwenye laptopu, na hii si ya mwaka huu, Amil Shivji aliitoa 2021 kutoka riwaya ya Adam Shafi, lakini mwaka wangu mimi hauendi na kalenda. Nilijua ninachofanya. Yasmin naye kaozwa mtu mzima asiyemtaka, naye anamkimbia, Unguja ile ya ukoloni, na Kiswahili chake ukikisikia unataka kukifunga kwenye leso. Nikampa kahawa, nikampa haluwa, nikazima simu zote mbili. Nikangoja. Ilipoisha akasema, "Leso zile ni za zamani kweli. Wamezitoa wapi?" Basi. Akaingia kulala.

Filamu ni nzuri mno na mimi nimeitazama kama polisi. Naiweka ya tatu. Ingestahili zaidi, kosa si lake.

Nilikula yamini sirudi kwenye ule ukumbi. Yamini ilidumu kama wiki sita hivi, mtoto wa dadangu akalia kwa ajili ya The Wild Robot mpaka nikaona haya. Robo inayomlea kitoto cha bata bukini, na sauti ya robo ni ya Lupita Nyong'o. Sitakudanganya, nililia. Mtoto hakulia, mimi nililia. Lupita hana uso pale, hana macho, ana sauti tu, na kile chuma kinakuwa mama mbele yako. Naiweka ya pili, na ukiniuliza kesho labda ya kwanza.

Lakini sikiza sasa. Kijana ni yule yule. Akamwona mtoto hafikii kuona kioo, akatoka, akarudi na mto wa kukalia, akamwekea mwenyewe, akamwuliza, "Waona sasa, bosi?" Nikapandwa na hasira kuliko ile siku ya kwanza. Kumbe anajua! Kumbe adabu anayo, imewekwa tu akiba kwa ajili ya robo na watu wake waliojaa ukumbi. Nikajitayarishia maneno, nimeyapanga kichwani filamu nzima, hata pale bata anaporuka mimi nilikuwa naongeza sentensi. Tukitoka ananiambia, "Mathe wako hajambo? Mwambie pole, ile siku mashine ilitusumbua, na mimi ndio nilikuwa na wiki ya pili kazini."

Hapo utasema nini? Maneno yangu yote yakanikauka mdomoni. Nikamwambia hajambo. Nikafika nje ndipo nikakumbuka bado kasema mathe, na viazi vitatu bado hajavieleza.

Kwa hiyo kuhusu ukumbi: nilikuwa nimeupa nyota moja, nikaongeza ya pili kwa ajili ya ule mto, nimeipunguza tena usiku huu nikiandika. Kioo chao ni kizuri. Viti vizuri. Nenda, lakini nenda na watu watano, na viazi kula nyumbani.

Nawi nimeirudisha namba moja na kalamu nimeweka chini. Binamu yangu wa Nairobi aliiona yote, akataka kunisimulia mwisho kwa simu, nikamkatia. Nataka niione kwenye kioo, nimeketi na yule yule niliyeketi naye, tena nitanunua tiketi tano tangu mwanzo.

Mamangu mwenyewe hana haraka. Jioni hukaa barazani na majirani wakichagua mchele, na filamu ile ameshawasimulia mara nyingi. Mwisho ameutia mwenyewe. Mara ya kwanza nilimsikia binti amefika skuli akawa mwalimu. Juzi amekuwa daktari wa macho. Jana nilikuwa dirishani, binti ameshakuwa hakimu, ana gari na dereva, mdogo wake amemweka ubavuni. Bi mmoja akauliza, "Na babake je?"

Mamangu hakuinua uso kwenye ungo. "Babake alibaki na ngamia wake."