Wali wa Kariakoo, na bosi anayetaniwa na wafanyakazi wake

Nakula mgahawa huu karibu kila siku ya kazi, maana duka ninalouzia vitenge liko mlango wa nne tu kutoka hapo. Wali maharage na mchicha ni 2,500, wali samaki 5,000. Chakula kitamu, pilipili ya kusaga ya kwao ni kali kwelikweli. Ila kinachonirudisha ni kitu kingine.

Mchana mmoja kijana anayehudumu aliniinamia: "Dada, samaki hawa ni wa jana. Chukua maharage, yametoka jikoni sasa hivi." Mama mwenye mgahawa alikuwa hatua mbili tu, kwenye droo ya pesa, akasikia. "Jamani, mtoto ananifilisi mchana kweupe!" Kijana akamjibu, "Heri ufilisike, mama, kuliko wateja waumwe tumbo." Wakacheka wote wawili. Kabla sijamaliza kula, sinia la samaki lilishaondolewa kwenye kabati la kioo.

Mama ni Mnyamwezi, mpishi wake Mzaramo, kwa hiyo ni watani. Utani huo ni wa zamani, wa enzi za misafara ya karne ya 19, wapagazi kutoka Tabora walipokuwa wakikatiza Uzaramo kwenda pwani. Mtani akikutania, nawe una haki ya kumrudishia, wala haruhusiwi kununa. Mama amewapa haki hiyo wafanyakazi wote, hata wasio watani wake. Muosha vyombo humwambia kanga yake imepauka, na kazi inaendelea.

Nasema haya kwa uchungu, kwa sababu niliwahi kuhudumu miaka miwili katika hoteli moja, jina nalihifadhi. Bosi wetu naye alipenda mzaha, lakini mzaha wake ulikuwa wa upande mmoja. Aliigiza lafudhi yangu mbele ya wateja, nasi tukacheka, maana mshahara ulikuwa mkononi mwake. Siku supu ilipochacha hakuna aliyethubutu kumwambia. Tuliwapakulia watu. Mpaka leo namkumbuka mzee mmoja aliyelisukuma bakuli pembeni taratibu, akalipa, akaondoka bila kusema neno.

Mama naye hukosea. Alipomtania binti mgeni kazini kwamba anatembea kama bibi harusi, binti alilengwa na machozi. Mama akanyamaza papo hapo. Kesho yake nilimwona akimmiminia chai kwa mkono wake, na wiki nzima hakumtania hata mara moja, mpaka binti mwenyewe alipoanza kumchokoza.

Jumamosi foleni ni ndefu mno, na maneno ya pale kwenye droo yanaichelewesha zaidi, hilo walirekebishe. Fika kabla ya saa saba. Ijumaa kuna pilau ya nyama. Muulize yule kijana kama nyama imeiva vizuri, atakwambia.