Madafu, dumu la maji na chupa ya kahawa: safari zangu mbili za mashua hadi Takwa

Mara ya kwanza kikapu changu kilibaki gatini Lamu, kwa hamali mmoja niliyemwomba anishikie hadi jioni. Ndani yake mlikuwa na madafu kumi, maji lita kumi, na chupa ya chai niliyoijaza kahawa chungu ya tangawizi. Sisi tuliondoka bila hata kimoja, kwa sababu kijana wa kampuni iliyotukodisha mashua alisimama kwenye ngazi akasema, "Samahani mama, vinywaji vya nje haviruhusiwi. Kila kitu mtakikuta chomboni." Ilikuwa Desemba, na pesa yote nilikuwa nimeshaituma kwa simu siku tatu nyuma.

Kampuni sitaitaja. Naandika kwa sababu watu wengi wa Malindi na Mombasa hupanga safari hizi kwa simu kama nilivyofanya mimi, wakauliza chakula, wakauliza bei, na habari ya kinywaji ikaja kujulikana mguu mmoja uko ngazini na mwingine uko chomboni.

Tulikuwa saba: mimi na mume wangu, wifi yangu, watoto watatu, na mavyaa wangu ambaye ana miaka 71 na ana kisukari. Kikapu kile kilikuwa cha ajili yake. Soda hanywi, juisi za pakiti hanywi. Yeye ni maji na kahawa isiyo sukari, basi. Ndani ya mashua tulikuta sanduku la barafu lenye soda, juisi za pakiti, na chupa sita za maji za nusu lita. Sita, kwa watu saba na mabaharia wawili, siku nzima ya kaskazi. Chupa ninayoinunua dukani kwa shilingi 50 iliuzwa kwa 150. Bei ningeimeza. Uchache wake ndio ulionitia hofu tangu mapema.

Kwa asiyepajua, Takwa ni mji wa mawe uliohamwa tangu karne ya 17, upo kisiwa cha Manda. Ukienda kwa mashua kutoka Lamu unaingia mkono wa bahari unaopita katikati ya mikoko, na mkono ule hupitika maji yakijaa. Yakipwa, yanabaki matope na chombo kinakaa. Siku ile tulichelewa kutoka gatini kwa sababu waliwangoja wageni wengine ambao hawakuja. Tulipomaliza kuzunguka magofu na kurudi mashuani, maji yalikuwa yameshatoka. Nahodha wao, kijana mpole, akasema hakuna ila kungoja.

Tukangoja tangu saa tano hadi saa kumi. Chupa zile sita hazikuvuka adhuhuri. Watoto walikunywa soda na kila soda ikawazidishia kiu. Kufika saa tisa mavyaa aliacha kuzungumza. Midomo ilikuwa imemkauka hadi inashikana na meno, na ukimuuliza kitu anakujibu kwa kichwa. Mtu wa kisukari kukosa maji katika jua lile si jambo la kusema ngoja kidogo. Aliyetuokoa ni mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu kwenye mtumbwi wake. Alikuja akikanyaga matope hadi magotini, dumu la manjano la lita tano begani na kikombe cha plastiki kimening'inia kidoleni. Alimnywesha mavyaa kwanza, vikombe viwili, polepole, huku akimwambia, "Taratibu mama, yapo." Tulipotaka kumlipa alikataa.

Asubuhi ile mwongozaji alikuwa ametuambia kwamba miongoni mwa sababu zinazotajwa za watu kuuhama Takwa ni maji ya visima kuingia chumvi, wakavuka wakaenda Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu. Nilimsikiliza nimesimama pale msikitini, chini ya ile nguzo iliyo juu ya ukuta wa kibla, nikaona ni habari ya kale. Jioni, nikiwa chini ya mkoko na mavyaa ameniegemea begani, nilielewa kwa nini mtu aweza kuacha nyumba ya mawe na msikiti wake akaenda zake.

Niliwapigia kampuni kesho yake. Walisema ni amri ya mwenye chombo. Hawakunipa zaidi ya hapo.

Kaka yangu aliwahi kufanya kazi jikoni kwenye meli kubwa za kitalii, na nilipomsimulia hakushangaa kuhusu katazo. Alishangaa kwamba sikuambiwa kabla. Huko kwao, alisema, habari ya kinywaji iko kwenye masharti ya tiketi, na abiria huisoma kabla ya kufunga begi. Kampuni nyingi humruhusu mtu mzima kupanda na chupa moja ya divai ya mililita 750 siku ya kwanza. Nyingine huruhusu pia makopo machache ya soda au maji. Ukitaka divai yako ifunguliwe mezani mkahawani, mara nyingi utatozwa. Pombe kali ikionekana kwenye mzigo huchukuliwa, na hata ile unayoinunua bandarini njiani mara nyingi hushikwa hadi mwisho wa safari. Lakini maziwa ya mtoto, au maji maalumu ya mgonjwa, hayo hupewa nafasi yake ukitoa taarifa. Hapo ndipo niliposhika. Meli ya maelfu ya abiria inajua kumtenga mgonjwa na mlevi, na sisi tulio saba kwenye mashua moja tulishindwa.

Februari tulirudi, na nilitaka turudi Takwa ile ile, kwa sababu mavyaa mwenyewe alisema hataki kumbukumbu yake ya pale iwe ile. Safari hii sikupiga simu. Nilishuka hadi Mkunguni jioni, mbele ya ngome, nikaulizia hadi nikaelekezwa kwa nahodha mmoja mtu mzima aliyekuwa akinywa kahawa.

"Shikamoo nahodha."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimuuliza matatu: je, nije na vinywaji vyangu, viwekwe wapi, na maji yakitupwea itakuwaje. Alianza na la tatu. Kesho kutwa, alisema, maji yatajaa saa nne asubuhi. Tutoke saa moja unusu, na kabla ya saa sita tuwe tumeshatoka mkononi. Kuhusu vinywaji: "Siku hiyo chombo ni chako. Lete utakacho, ila pombe hapana, mimi na wanangu hatupakii. Na chupa za gilasi hapana, maana watu wako miguu pekupeku." Pombe haikuwa neno kwetu. Gilasi nilikuwa sijaifikiria kabisa, na ana haki: kigae kimoja sakafuni mwa mashua na siku yenu imekwisha. Tulikubaliana shilingi 7,000 kwa chombo kizima, nikampa 2,000 za mkononi, zilizobaki tukirudi.

Nikapata siku nzima ya kujiandaa. Maji nilichukua dumu moja la lita 20 lenye bomba dogo chini, kwa watu tisa, maana mabaharia nao niliwahesabu. Dumu moja ni bora kuliko katoni ya chupa ndogo. Lamu ndiko walikoliunda lile dau la FlipFlopi mwaka 2018 kwa plastiki zilizookotwa fukweni, likasafiri hadi Zanzibar 2019, na bado ukipita kwenye mikoko unaona chupa zimenasa kwenye mizizi. Sikutaka za kwangu ziongezeke.

Juisi ya ukwaju niliigandisha kwenye friza ya wifi usiku, chupa nne, ziwe ndizo barafu ya sanduku. Hapo nilikosea kidogo: saa nne zilikuwa bado mawe, watoto wakawa wanazigongagonga. Mbili zingetosha kugandishwa, mbili zingebaki za ubaridi wa kawaida. Kahawa niliinunua kwa muuzaji mwenye dele, lile birika la kahawa, asubuhi ile, akanijazia chupa ya chai, bila sukari.

Na madafu, kumi na mawili. Usiyachonge nchi kavu. Dafu lililofunguliwa halina muda mrefu kwenye joto, na zima halihitaji barafu wala kifuniko. Yachague kwa kuyatikisa. Mimi niliharakisha na mawili yakatoka koroma, yaani yameanza kukomaa kuwa nazi, maji machache na makali, lakini watoto walizila nyama zake. Nahodha aliniwekea dumu na madafu katikati ya chombo, usawa wa mlingoti, akayazungushia kamba yasibingirike. Nilitaka yakae tezi, nyuma ya chombo, karibu na mimi, akakataa, uzito ukae kati.

Tulifika Takwa maji yamejaa kabisa, mikoko imesimama ndani yake hadi kiunoni. Baada ya kuzunguka, baharia mdogo alichukua panga akamfungulia mavyaa dafu: mikato mitatu kichwani, wa nne wa kulala, kifuniko kikaruka, naye hakumwaga tone. Kisha akachonga kijiko kwenye ganda lile lile akamwekea pembeni. Mavyaa alikunywa nusu tu kwa ajili ya sukari yake, nusu akampa mjukuu, yeye akarudi kwenye maji na kikombe chake cha kahawa. Alizungumza njia nzima. Alituonyesha upande wa Shela, akatusimulia kwamba watu wa huko wamezoea kurudi Takwa kwenye kaburi la nguzo kuomba mvua.

Saa sita kasoro tulikuwa nje ya mkono, tanga limeshika upepo. Pale alipokuwa yule mvuvi mzee niliangalia pande zote mbili, sikumwona. Nahodha alisema kwa namna nilivyomweleza anamjua, na kwamba salamu atazifikisha.

Gatini nilihesabu: maji yalibaki kama lita sita, kahawa iliisha, madafu yalibaki mawili. Moja mavyaa alimpa nahodha. La pili alipanda nalo ngazi mwenyewe, amelipakata, na hakumruhusu mtu kumsaidia.