Blenda Iliyoshindwa na Vijiko Vitatu vya Asali

Sijawahi kuandika tathmini ya chombo chochote nilichonunua, na nilipostaafu ualimu nilijiapia kwamba sitasahihisha tena kazi ya mtu. Hata hivyo, juu ya kabati la jikoni kwangu hapa Dodoma kuna blenda ambayo imenifanya nikivunje kiapo hicho, ingawa kwa haki kabisa ni lazima niseme kwamba kilichonikasirisha zaidi si blenda yenyewe, bali ni kidole cha kijana aliyeniuzia. Nitakifikia kidole hicho.

Niliinunua muda mfupi kabla ya likizo ya shule, katika duka moja la vyombo vya umeme lililo kwenye mojawapo ya zile barabara zetu za mjini zinazoitwa kwa namba. Sababu ilikuwa mjukuu wangu, ambaye akija kwetu hagusi mkate usiopakwa siagi ya karanga, tena ile tamu, na kopo dogo la dukani hulimaliza kwa siku tatu. Nilijiuliza inakuwaje mtu anayeishi katika mkoa huu, ambao karanga zake zinapimwa kwa kisado sokoni na asali ya Singida iko jirani tu, anunue karanga zilizosagwa ng'ambo na kuletwa kwa meli. Kwa hiyo nilimweleza kijana wa dukani bila kuficha kitu kwamba nataka mashine ya kusagia karanga, na kwamba karanga hizo zitatiwa utamu. Nalisisitiza hilo kwa sababu baadaye lilikanwa. Alinipa shikamoo mbili, moja nilipoingia na nyingine nilipotoa pesa, akaipigapiga blenda ubavuni kama mtu anayesifia ng'ombe mnadani, akasema, "Mzee wangu, hii inasaga hata mawe."

Sitaeleza nguvu ya mota wala ujazo wa jagi, kwa kuwa hayo yameandikwa kwenye boksi na kila mwenye macho atayasoma.

Awamu ya kwanza ilikwenda vizuri kiasi cha kunitia kiburi. Nilizichambua karanga kwenye ungo moja baada ya nyingine, nikatupa zilizosinyaa, zilizotoboka na zenye ukungu, kwa maana sisi wa huku hatufanyi mzaha na sumukuvu: mwaka 2016 iliua watu katika mkoa wetu na mkoa wa Manyara, na ingawa mahindi ndiyo yaliyolaumiwa zaidi, karanga nazo ni makazi yake mazuri, na moto wa kukaangia hauiondoi yote. Nilizikaanga kwenye karai kwa moto mdogo wa mkaa huku nikizigeuza bila kupumzika, hadi lile ganda jembamba likawa linabanduka kwa kusuguliwa na vidole. Nikazisugua ndani ya kitambaa, nikapepeta, kisha nikazitia kwenye jagi zikiwa bado na joto, kwa sababu karanga yenye joto huachia mafuta yake upesi.

Mwanzoni zilikuwa unga tu. Baadaye unga ule ulishikana, ukapanda kwenye kuta za jagi na kuviacha visu vikizunguka hewani, ikanibidi nizime, niushushe kwa mwiko na kuwasha tena, kazi ambayo niliirudia mara saba au nane. Wengi hukata tamaa hapo, wakaamini kwamba karanga zao ni kavu, wakaongeza mafuta au, Mungu apishe mbali, maji. Haifai kuongeza kitu, kwa sababu karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta na kinachotakiwa ni subira. Ghafla lile donge liling'aa, likalegea, likaanza kuzunguka lenyewe taratibu kama uji wa ulezi, na harufu yake ikamtoa mke wangu uani na nguo anazofua mkononi. Nilitia chumvi kidogo na sukari. Kasoro pekee ilikuwa sukari hiyo, ambayo haiyeyuki ndani ya mafuta, hivyo chembe zake zilibaki zikilia kwenye meno kama mchanga wa Makutupora. Lakini laiti ningeandika siku ile, ningeipa blenda nyota zote tano na kumwombea kijana yule apate mke mwema.

Ili kuepuka chembe hizo, awamu ya pili niliamua kutumia asali, tena asali nzuri, nyeusi, iliyokuwa imefungwa kwenye chupa kwa ajili ya wageni. Siagi ilikuwa imekwisha kulegea na mashine ilikuwa ikinguruma vizuri nilipoanza kuimimina kupitia tundu la mfuniko. Kijiko cha kwanza kilipita salama. Cha pili kiliifanya mota ibadilishe sauti. Kilipoingia cha tatu, ule uji uligeuka kuwa ugali, na hapa sitii chumvi: ulikuwa ugali mkavu wa kusongwa na mtu mwenye hasira, uliokamata visu na kuvisimamisha kabisa huku mota chini ikiendelea kuzunguka na kulia. Kabla mkono wangu haujafika kwenye swichi, moshi mwembamba ulichomoza ukiwa na harufu ya ndala iliyotupwa jikoni. Nilipoinua jagi, nilikuta ile gia ya mpira inayoshikanisha mota na visu imenyolewa meno yote, imekuwa duara laini kama kifungo cha koti.

Pengine ningepaswa kukumbuka kwamba ardhi hii ina desturi ya kuvunja mashine kwa ajili ya karanga. Kule Kongwa, Waingereza walileta matrekta yao mwaka 1947 kwa ule Mpango wa Karanga, udongo mgumu na mizizi ya miti vikayatafuna majembe, na kufikia mwaka 1951 walikuwa wameuacha mradi wenyewe pamoja na mamilioni ya pauni. Lakini wao hawakuahidiwa na mtu kwamba trekta linasaga mawe.

Nilirudi dukani siku iliyofuata, au labda baada ya siku mbili, nikiwa na boksi, risiti na jagi ambalo niliacha siagi yake ndani kama kielelezo. Safari hii shikamoo haikuwepo. Kijana alifungua mfuniko, akainusa siagi, kisha, bila kuniomba wala kunitazama, akachovya kidole cha shahada mpaka kwenye kiungo cha pili, akakitoa kikiwa kimebeba kiasi ambacho mjukuu wangu angepaka mkate mzima, akakilamba. Alifumba macho. "Tamu kweli," alisema, halafu akamwita mwenzake aliyekuwa akipanga pasi kwenye rafu, naye akaja, akachovya. Nilisimama pale, mzee wa miaka yangu, nikiwatazama vijana wawili wakila ushahidi wangu.

Baada ya kujifuta kwa karatasi ya boksi langu, alinipa hukumu: "Ila mzee, hii si mashine ya karanga. Karanga nenda ukatwange kwenye kinu kama bibi zetu." Nilimkumbusha habari ya mawe. Alifikiri kidogo, akajibu kwa utulivu ambao hadi leo unanichemsha damu, "Mawe ndiyo, mzee. Asali sikusema." Kisha akanionyesha kwa kidole kilekile, ambacho kilikuwa bado kinang'aa mafuta, bango lililobandikwa juu ya kaunta: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi na sikuona kosa lolote la sarufi katika bango hilo, na labda ndiyo maana lilinikera zaidi. Nilijua kwamba ipo Tume ya Ushindani ambayo hupokea malalamiko ya walaji, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikitunga barua yao kichwani, yenye aya nne na nakala kwa watu watatu.

Barua hiyo sikuiandika, na sababu zake si za kunipa heshima. Nikiwa natafuta tarehe ya risiti ndani ya boksi, nilikuta karatasi ya maelekezo, iliyoandikwa kwa Kichina na Kiingereza peke yake kana kwamba hapa hakuna watu, nayo ilisema kwamba mashine isizungushwe zaidi ya dakika moja bila kupumzishwa. Mimi nilikuwa nimeizungusha kwa muda wa kutosha kuimba wimbo wa taifa na kuurudia. Isitoshe, fundi aliyeko karibu na stendi ya daladala, ambaye alinibadilishia gia kwa shilingi elfu tano huku akizungumza na simu, aliniuliza swali moja tu: "Mwalimu, uliweka kitu cha majimaji?" Nilimjibu kwamba asali si maji. Alitabasamu.

Na kweli, nilipotulia nilikumbuka somo la sayansi nililokuwa nikilisikia kupitia ukuta wa darasa la jirani. Asali inaonekana nzito, lakini takriban sehemu moja kwa sita ya uzito wake ni maji. Siagi ya karanga ni vumbi laini la karanga linaloelea ndani ya mafuta yake, na vumbi hilo halijawahi kukutana na maji tangu lilipokaangwa. Yakiingia hata kidogo, linayanywa, linashikana, na kila kilichokuwa kikiteleza kinakuwa donge. Mafundi wa kashata wanalijua jambo hili kwa mikono. Kwa hiyo anayetaka kutumia mashine asage sukari peke yake kwanza, jagi likiwa kavu kabisa, mpaka iwe vumbi, ndipo aichanganye na karanga zilizokwisha kulegea. Anayetaka asali aizime mashine, amimine siagi kwenye bakuli, aikoroge kwa mwiko na akubali kwamba itakuwa nzito, au ailegeze kwa kijiko cha mafuta ya alizeti. Mafuta yakipanda juu baada ya siku chache asiogope, akoroge tu.

Hayo yote hayakuwepo kwenye karatasi ya maelekezo, na kijana aliyeuza alikuwa na wajibu wa kuniambia walau nusu yake. Hapo ndipo ninaposimama. Au ndipo nilipokuwa nimesimama hadi Jumapili moja, mke wangu alipokitoa kinu cha marehemu mama yake, akakisuuza, akakianika, akatwanga karanga za kukaanga kiasi cha vikombe viwili huku akiongeza asali polepole mwishoni. Hakusema neno lolote, na afadhali angesema. Siagi ile haikuwa laini. Ilikuwa na vipande vya karanga vinavyopasuka mdomoni, imeshikana, inang'aa, inapakika kwa kisu kikubwa. Mjukuu alikula vipande vitano vya mkate, akaniuliza kwa nini babu alinunua mashine.

Basi niwashauri mnunue blenda hii au msinunue? Kwa juisi ya ubuyu na ya embe haina tatizo, na tangu ibadilishwe gia imenisagia karanga mara nne, kwa dakika moja moja, ikipumzika kama mzee anayepanda mlima. Siagi yake ya sukari iliyosagwa ni laini kuliko ya kopo, na gharama yake haifiki nusu ya ile ya kopo. Nilipokaa kuandika nilikuwa nimeamua kuipa nyota tatu, kwa kuwa kosa lilikuwa la kwangu kwa sehemu kubwa. Kisha nimekumbuka kidole, nimekumbuka na cha mwenzake, na nimeondoa moja kwa kila kidole. Inabaki nyota moja, ambayo ni ya fundi.

Wiki iliyopita gia mpya nayo ilianza kulika meno. Fundi aliniambia kwamba za aina hiyo kwake zimekwisha, na kwamba mjini zinapatikana sehemu moja tu, akanielekeza barabara na namba yake kana kwamba siijui. Nimemtuma mke wangu. Amerudi na gia mbili, moja akiwa amepewa bure, na salamu kutoka kwa yule kijana, ambaye alimwamkia vizuri na kumuuliza kama ile siagi ya mzee bado ipo.