Steshenari yangu na Debian: uzoefu wa zaidi ya miaka miwili

Nina steshenari ndogo Morogoro yenye mashine tatu. Mbili ni za kuchapa na kuskani, ya tatu ni kuukuu ya biti 32 (yenye prosesa ya aina ya zamani) ambayo wateja hujazia fomu. Nilihamia Debian, mfumo endeshi huria wa kompyuta, Julai 2023, mwezi mmoja baada ya toleo la 12 kutoka, na sikuhamia kwa mapenzi. Nilikuwa natumia mfumo mwingine huria, mzuri wa sura, unaoleta vitu vipya kila wiki. Jumatatu moja, msimu wa maombi ya mikopo ya chuo, foleni imefika barabarani, nawasha mashine na printa haionekani. Kumbe mfumo ulikuwa umejisasisha usiku. Vijana wote wakahamia kwa jirani yangu, na wengine mpaka leo ni wateja wake.

Debian haimilikiwi na kampuni. Tangu 1993 inaendeshwa na watu wanaojitolea, waliotawanyika duniani, na nilipoambiwa hivyo mara ya kwanza nilijiuliza nani atawajibika mambo yakiharibika. Jibu nililipata kwenye utaratibu wao. Kifurushi (cha programu, si cha bando) huanzia kwenye tawi linaloitwa sid. Kikikaa hapo siku kadhaa bila kuleta kasoro mpya kubwa, kinapita kwenda tawi la majaribio. Kisha, kila baada ya kama miaka miwili, mlango unafungwa: hakuna kuingiza mapya, kazi inabaki ni kurekebisha tu. Kwa Debian 13 mlango ulianza kufungwa Machi 2025, na toleo lenyewe, wanaloliita thabiti, likatoka tarehe 9 Agosti. Miezi mitano ya kufukuza kasoro! Wana msemo wao kwamba toleo hutoka likiwa tayari, na kweli hawakimbizani na kalenda ya mauzo maana hakuna wanachouza.

Wengi hapa ndipo wanapokosea: wanadhani toleo thabiti halina kasoro. Zipo tele. Ila ni zilezile leo na mwezi ujao, nawe unajua kuzikwepa. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Programu ninayotumia kuskani, kwa mfano, ilikuwa inajifunga nikizidisha kurasa ishirini. Nikatuma ripoti kwa barua pepe, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, nikapewa namba. Siku kumi na moja kimya. Halafu mtunzaji wa kifurushi akaniomba nijaribu toleo jipya zaidi kwa flashi, nikajaribu, na kasoro haikuwepo. Nikafurahi nikidhani nitaletewa. Akanieleza kwa upole kwamba mabadiliko ni makubwa mno kuingizwa kwenye toleo thabiti, nisubiri Debian 13. Nilikasirika, sifichi. Nikawa naskani kumi na tano kumi na tano, halafu naunganisha. (Angalizo: ripoti hizo ni za wazi kwa kila mtu, pamoja na anwani yako. Tumia ya kazini.)

Hasira ilikuja kuniisha Desemba mwaka huohuo. Tarehe 9, Sikukuu ya Uhuru, nilifunga duka nikapanga kusasisha mashine zote kwenda 12.3, yaani masahihisho ya toleo la 12, iliyokuwa inatoka siku hiyohiyo. Kabla sijabonyeza nikakuta tangazo la Debian wenyewe: msisasishe. Kerneli mpya (kiini cha mfumo) ilikuwa na kasoro inayoweza kuharibu data kwenye diski za ext4 (mpangilio wa kuhifadhi mafaili), na zangu zote ni ext4. Chanzo chake kilinifundisha kitu. Rekebisho moja lilichukuliwa kutoka kerneli mpya likaletwa kwenye ya zamani, lakini rekebisho jingine lililolitangulia, ambalo hilo la kwanza linalitegemea, likaachwa nyuma. Yaani dawa ndiyo iliyoleta ugonjwa. Kesho yake 12.4 ikatoka, na 12.3 ikarukwa. Jumapili, watu wasiolipwa, na hawakuificha. Tangu hapo nilimwelewa yule mtunzaji: kila unacholeta toka mbele kinaweza kuja na mkia wake.

Machi 2024 tena kukawa na kasheshe ya xz, programu ya kubana mafaili: mlango wa siri ulipenyezwa kwenye matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1 na mtu aliyekuwa amejijengea imani kwenye mradi huo. Aliyeugundua, mtaalamu wa programu Andres Freund, alikuwa anatumia sid, akashangaa kwa nini kuingia kwa ssh (njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) kumechelewa nusu sekunde. Toleo thabiti halikuguswa, lilikuwa bado na xz ya zamani. Ule uzee wa vifurushi ambao vijana wa kompyuta hunicheka nao, siku hiyo ulikuwa ndio kinga yangu.

Malalamiko ninayo. Maelezo ya Kiswahili ni haba mno, na kompyuta mpya mno inaweza kukusumbua. Pia Debian 13 haina tena kisakinishi cha kompyuta za kawaida za biti 32, kwa hiyo ile mashine ya fomu imebaki kwenye 12. Naelewa kwamba wa kuitunza hawatoshi, lakini huku kwetu kompyuta za mtumba za namna hiyo bado zinakula ugali.

Natoa nyota nne. Kama unataka mapya kila wiki utaichoka. Kama unafungua saa mbili asubuhi na printa lazima itoe karatasi, jaribu.

Zile mashine mbili za kuchapa na kuskani nilizipandisha kwenda Debian 13 baada ya 13.1 kutoka Septemba 2025, usiku mmoja, kwa bando la usiku. Asubuhi akaja mwalimu na mkataba wa kiwanja, kurasa thelathini na mbili. Nikaziweka zote kwa mpigo, nikashika kiti.

Zikapita.