Hita ya maji ya jua huku Uru juu: Julai inafaa, ila angalia mabomba

Kila anayeiona juu ya bati letu ananiuliza swali lilelile: Juni na Julai, ukungu ukishatanda, inapasha kweli? Ndiyo, inapasha. Nimeitumia zaidi ya msimu mmoja wa baridi na ningeinunua tena. Ila nilichojifunza ni kwamba hita nzuri iliyofungwa ovyo itakupa maji ya baridi mwaka mzima, na kosa mara nyingi liko kwenye mabomba wakati watu wanalaumu mashine.

Nyumbani ni Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro juu ya Moshi, upande wa juu, karibu na msitu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini hawafiki mita 1,000, na joto hupungua nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo mtu wa Majengo, kule mjini, akijifunika shuka, sisi tuko kwenye mablanketi. Naishi na mama yangu. Magoti yake yanaanza kulalamika mara tu masika inapoisha, na kwa miaka mingi maji yake ya kuoga yalichemshwa kwa kuni kwenye sufuria kubwa. Kuni siku hizi ni za kununua. Tena tuna ng'ombe wa maziwa bandani, na alfajiri lazima kuwe na maji ya vuguvugu ya kumsafishia kiwele kabla ya kukamua, na mengine ya moto ya kuoshea ndoo za maziwa. Ukijumlisha hayo yote unaona jiko halizimwi.

Niliyonunua ni ya Kichina, tenki la lita 200 na mirija 20 ya kioo, ile aina isiyobeba presha. Pamoja na mabomba na ufundi ilinigharimu kama milioni moja na nusu. Kila mrija ni vioo viwili, kimoja ndani ya kingine, na katikati hewa imenyonywa, sawasawa na chupa ya chai. Jua linapenya, joto linashindwa kutoka. Maji yakipata moto ndani ya mrija yanakuwa mepesi, yanapanda tenkini, na ya baridi yanashuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu wala umeme. Kwa huku kwetu, umeme unakokatika mvua ikikohoa tu, hilo peke yake lilitosha kunishawishi.

Kijitabu kilichokuja nayo kina kurasa nzima kuhusu mabomba kuganda. Wanaeleza namna ya kuzungushia bomba waya wa umeme unaolipasha usiku, na jinsi ya kumwaga maji yote kabla ya majira ya baridi. Muuzaji mmoja mjini alikazana niununue huo waya, "kwa sababu mama unakaa juu sana". Sikuununua, na wewe usinunue. Maji yanaganda kwenye nyuzi sifuri, na yakiganda yanatanuka kama asilimia tisa, ndiyo maana huko kwenye nchi za theluji bomba la chuma linapasuka na watu wanachimbia mabomba chini sana ardhini au wanaacha koki ichuruzike usiku kucha maji yasitulie. Hayo ni ya kwao, na huku tunayasikia kwa wanaopanda mlima. Mdogo wangu ni mpagazi, na anasema kambi ya Horombo, kwenye mita 3,720, maji yaliyosahaulika nje kwenye sufuria asubuhi yana ngozi ya barafu. Kati ya Horombo na migomba yetu kuna zaidi ya mita 2,000. Usiku wa Julai huku kwetu ni baridi ya kuuma, lakini sifuri haifiki.

Kitu kimoja kwenye kurasa hizo kinatufaa, nacho ni ile sponji nyeusi ya kuvalisha bomba. Wao wanaivalisha bomba lisigande. Sisi tunaivalisha maji yasipoe njiani. Hiyo nunua, na funika bomba la moto lote, mpaka viungio na kona.

Sasa niseme kuhusu mabomba yenyewe, maana hapa ndipo fundi wa kwanza alitusumbua.

Maji yetu ni ya mserereko. Yanatoka juu msituni na kushuka yenyewe, na kila mita 10 za kushuka zinaongeza presha ya bar moja. Chanzo kikiwa mita 50 juu ya nyumba, koki yako ina bar tano, na wote tunajua jinsi koki za huku zinavyoruka ukizifungua. Tenki la hita hii haliwezi kubeba presha hiyo. Kwa hiyo huliungi moja kwa moja. Maji yanaingia kwanza kwenye kitenki kidogo chenye boya, kisha yanateremka taratibu kwenye tenki kubwa. Hilo fundi alilijua na alilifanya vizuri. Lakini bafuni, upande wa maji ya baridi, aliunga moja kwa moja kutoka laini kuu.

Matokeo yake yalikuwa hivi. Mama anafungua koki ya moto, maji yanakuja mazuri, ya moto hasa. Anafungua na ya baridi kidogo ili achanganye, shawa inakuwa ya baridi yote ghafla. Anafunga, anasubiri, anajaribu tena, hivyohivyo. Nikatoka nje kuangalia nikakuta maji yanachuruzika kutoka kwenye kitundu cha kupumulia juu ya tenki, yanateremka kwenye bati. Maji ya baridi yenye bar tano yalikuwa yanayasukuma ya moto kurudi nyuma, yanapanda hadi tenkini na kulijaza mpaka linafurika. Fundi nilipompigia akasema hita ni mbovu, turudishe dukani. Baadaye simu hakupokea tena.

Aliyekuja kurekebisha, kijana mmoja aliyejifunza ufundi bomba chuo cha Veta, hakugusa hita kabisa. Alikata laini ya baridi ya bafuni akaiunga kwenye tenki letu la plastiki lililo kwenye mnara wa mbao, ambalo kimo chake kinakaribiana na cha hita, ili moto na baridi zije na nguvu inayolingana. Kisha akaweka kwenye bomba la moto valvu inayoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Tangu siku hiyo mama anachanganya maji yake mwenyewe, bila kuniita. Kama unanunua hita ya aina hii huku mlimani, kabla ya kumlipa fundi muulize: ya baridi ya shawa unaitoa wapi? Akijibu "laini kuu", mwambie abadilishe au tafuta mwingine.

La pili ni urefu na unene wa bomba. Kutoka hita hadi bafu letu ni mita 15 hivi, na fundi wa kwanza alitumia bomba nene la inchi robo tatu. Bomba la namna hiyo linabeba karibu theluthi ya lita kwa kila mita. Piga hesabu: karibu lita tano za maji yaliyopoa humo ndani lazima zitoke kwanza ndipo ya moto yafike. Bomba jembamba la nusu inchi linapunguza hizo lita kwa nusu, na kuweka hita juu ya bafu lenyewe kunazimaliza kabisa. Sisi hatukuhamisha, tunakinga hayo ya mwanzo kwenye ndoo, yanaenda kwa ng'ombe. Na bomba la maji ya moto liwe la PPR, yale ya kijani yanayochomelewa. PVC ya kawaida inalegea na kupinda, kwa sababu Januari hita hii inafika nyuzi 75 na zaidi bila shida.

La mwisho upande wa ufundi ni mwelekeo. Nyumba nyingi za huku zinaangalia kusini, kule bondeni, na mafundi wanapenda kuweka hita upande wa mbele wa bati, barabarani waione. Tarehe 21 Juni jua liko juu ya Tropiki ya Kansa, na sisi tuko nyuzi tatu na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua limelalia kaskazini kama nyuzi 27 kutoka utosini. Hita iliyolala upande wa kusini inalipa jua mgongo katika miezi ileile unayoihitaji. Yetu inaangalia kaskazini, yaani mlimani. Mgrevilea mmoja mrefu ulikuwa unaikinga, tukaupogoa.

Sasa inapasha kiasi gani? Kuna kiskrini kidogo ukutani kinachoonyesha joto na kiwango cha maji. Kiangazi cha Januari na Februari nimeshasema. Wakati huo hofu yangu ni watoto kuungua, na tumewafundisha kufungua ya baridi kwanza. Julai kawaida asubuhi mawingu yamelala mpaka kwenye migomba, mlima hauonekani, halafu mchana yanafunguka kidogo. Siku ya namna hiyo ikifika saa kumi jioni inasoma arobaini na kitu, na hayo ni maji ya kuoga vizuri kabisa. Siku ambayo ukungu haujafunguka hata kidogo inasoma chini ya thelathini. Nyuzi hizo zinatosha kusafishia kiwele na kuoshea vyombo, lakini kwa mtu mwenye magoti mabaya hazitoshi.

Kwa siku hizo ndani ya tenki kuna koili ya umeme ya kilowati 1.5. Iwashe ukijua gharama yake. Kupandisha lita 200 kutoka nyuzi 18 hadi 50 kunakula uniti saba na nusu hivi za Luku, na kwa koili hiyo ni saa tano. Sisi tunaiwasha kwa muda wa saa moja na nusu tu, jua la mchana likiwa limeshatusaidia kwa kiasi chake, basi. Mama anaoga saa kumi na moja jioni, maji yakiwa kwenye kilele. Usiku tenki linapoteza nyuzi chache, kwa hiyo ya alfajiri ya bandani yanakuwepo, mradi vijana wasiyamalize kabla ya kulala.

Tahadhari moja kubwa. Maji yakikatika na mirija ikabaki mikavu juani, usifungue maji mchana. Kioo chenye moto mkali kikikutana na maji ya baridi kinapasuka papo hapo. Jirani yetu alipoteza mirija kadhaa hivyo, maji yaliporudi adhuhuri. Subiri usiku au alfajiri. Mrija mmoja mmoja unauzwa, mafundi wanaubadilisha bila kushusha tenki. Na chini ya kila mrija kuna doa linalong'aa kama fedha. Likigeuka jeupe, hewa imeshaingia na mrija huo haupashi tena. Mimi huyakagua madoa hayo kila nikipanda kufuta vumbi.

Maji ya humo hatunywi. Na ndugu zangu wa upande wa Meru, Maji ya Chai na Ngarenanyuki, mwenye maji ya floridi asidhani kuyapasha au kuyachemsha kunaiondoa, haiondoki.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano naizuia kwa sababu ya hiyo sponji ya bombani: jua linaitafuna, juu ya bati imeshaanza kupukutika kama makombo, na aliyeniuzia hakusema kwamba inatakiwa kuzungushiwa utepe wa alumini. Kuni tunanunua bado, kwa ajili ya kupikia, lakini mzigo uliokuwa unaisha kwa wiki sasa unavuka wiki mbili hata Julai.