Mafuta ya mwarobaini kwa mawaridi yanayochipua
Mwanzoni mwa majira ya kuchipua, nilipomaliza kupogoa mawaridi na kuondoa majani makavu yaliyofunika mashina, niliona vidukari wamejazana kwenye machipukizi, nikaamua kutumia mafuta ya mwarobaini yaliyokamuliwa bila moto. Hayaui papo hapo kama sumu kali za viwandani. Kiambato chake kikuu, azadiraktini, huvuruga ukuaji wa wadudu wachanga na kuwaondolea hamu ya kula, kwa hiyo anayeyatumia hana budi kurudia kunyunyiza kila baada ya siku 7 hivi. Baada ya mara ya tatu machipukizi yalinyooka, nami nilifurahi kwa dhati. Kasoro yake ni kwamba huganda wakati wa baridi, hivyo chupa lazima iwekwe kwanza katika maji ya uvuguvugu, kisha mafuta yachanganywe na sabuni kidogo ya maji, la sivyo yataelea tu juu. Ni vyema kunyunyiza jioni, nyuki wakiwa wamerudi mizingani, tena jua kali huunguza majani yenye mafuta. Dhidi ya konokono, ambao nao huamka wakati huo, hayakunisaidia. Hao ninawaokota kwa mkono.